Makabidhiano

Kwako utakayekuja Jumatatu na viatu safi:
vivue. Mto Auji ulifurika tena juzi,
na ukutani mwa ukumbi kuna mstari wa tope
kimo cha goti. Tumeuacha makusudi.
Watoto wa Nyalenda hujipimia urefu hapo.

Kwenye droo utakuta mwongozo wa jalada la buluu.
Nilipewa mafunzoni, siku tatu, hotelini,
chai ya maziwa saa nne na saa kumi.
Unasema: Anza pale vijana walipo.
Ni kweli. Ila hausemi kwamba walipo
ni nyuma ya kinu cha kusaga unga,
kwamba ukifika watanyamaza,
kwamba utakalia gunia la pumba wiki tatu
ukitafuna miwa, huulizi lolote,
mpaka mmoja aseme,
Madamu, leo umechelewa.
Hapo ndipo kazi inaanza. Andika tarehe.

Unasema tena: Tambua mahitaji.
Nilikuja na karatasi pana na kalamu za rangi nne,
nikidhani watataja mpira, mikopo, kompyuta.
Akelo, mtoto mgongoni, akasema:
Ufunguo.
Ufunguo gani?
Wa ukumbi huu. Kila mara mnatufungulia ninyi.

Sikulala. Kamati ilikataa mara mbili.
Katibu akanikumbusha nyaya za umeme zilizoibwa
na nani alionekana akikimbia nazo.
Alionekana Obiero.
Ufunguo nilimpa Obiero.

(Usinisifu. Mkono ulitetemeka,
na nilikuwa nimechonga wa pili,
nikauficha kwenye kopo la chumvi.)

Mwezi wa kwanza, viti vyote vipo.
Mwezi wa pili, balbu haipo.
Nikatazama kishikio kitupu pale darini
nikameza yote niliyoyasomea.
Tulikutana vivyo hivyo, gizani, tukazungumza
juu ya jambo ambalo sasa nimelisahau.
Giza lina adabu yake: hakuna anayemkazia mwenzake macho.
Wiki iliyofuata, balbu mpya inawaka,
imezungushiwa kizimba cha nondo
kilichochomelewa Kibuye, bila shaka,
na mtu ambaye bado hajajua kunyoosha mshono.
Sijui nani aliichukua ile ya kwanza.
Sijui nani alichomelea.
Pengine ni mkono mmoja. Usiulize.

Fomu ya robo mwaka ina safu sita:
Waliofikiwa, wa kike, wa kiume,
waliofuzu, walioacha, na Maoni,
hii ya mwisho upana wa kidole.
Haina mahali pa kizimba.
Haina mahali pa Ajwang', aliyekuja Jumatano kumi na moja
akaketi karibu na mlango, neno hatoi,
na ya kumi na mbili akauliza
kusajiliwa mtihani ni pesa ngapi.
Hatukuwa nazo.
Nilimwambia arudi. Nilijua ninachosema
kinafanana na kila alichowahi kuambiwa.
Nimemwandika ukurasa wa nyuma, kwa penseli.
Anasukuma mkokoteni wa maji, njia ya Dunga.
Mtafute, hata kama pesa bado hakuna.

Neno la mwisho la mwongozo ni "endelevu".
Nimelizungusha kinywani miaka minne
kama kokwa lisilotaka kutemwa.
Nadhani maana yake ni hii: siku moja
utafika umechelewa, ukute mlango wazi,
mkutano uko katikati, Akelo anabishana na hesabu,
na hakuna anayegeuka kukutazama.
Itauma kidogo. Tafuta nafasi kwenye benchi.
Mimi ilinitokea mara moja tu, siku ya mafuriko:
niliingia mbio nikiwa na mpango kamili kichwani,
na kijana nisiyemjua hata jina
akanipa ndoo.

Ule ufunguo wa kwenye chumvi umeliwa na kutu,
haufungui kitu tena.
Ule mwingine usiutafute kwenye droo.
Mwulize Obiero.
Naye atakuuliza wewe ni nani.
Jibu polepole.